Kitatange, Kipepeo na Bahari ya Tumbili

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, sikuja kumbembeleza mtu leo. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa na nyumba na milango, alikuwapo Tumbili. Tumbili huyu alikaa mlimani, mbali na bahari. Alikuwa na mazulia. Alikuwa na viti vya kuchonga. Alikuwa na mapazia hata chooni. Lakini hakuridhika. Alitaka bahari sebuleni.

Sikilizeni. Hakutaka kwenda baharini, la. Alitaka bahari ije kwake, ikae karibu na kiti chake, wageni waione na kumsifu.

Basi akatengeneza sanduku la kioo. Akateka maji ya kisima, akatia chumvi, akakoroga, akaonja, akasema hii ndiyo bahari. Kisha akamwita Korongo, yule mvuvi wa mdomo mrefu, akamwagiza amletee samaki mzuri kuliko wote.

Korongo akaruka, vwaa, vwaa, vwaa, mpaka mwambani, kule baharini. Akamkuta Kitatange. Wakati huo Kitatange alikuwa mtoto bado, mdogo kama jani la mlimau, wa buluu iliyoiva, na duara nyeupe mwili mzima. Korongo akamnyakua, akamtia kwenye mfuko wa maji, akampeleka mlimani. Chubwi! Kitatange yumo sandukuni.

Tumbili hakuuliza kitu. Aliona samaki mdogo, akadhani atabaki mdogo. Mtoto akala, akakua. Akakua tena. Duara nyeupe zikafutika, ikaja michirizi ya manjano. Akawa na upana wa sinia. Sanduku likabaki lilelile. Akipiga pezi, kioo. Akigeuka, kioo.

Na vitatange wana desturi yao. Huko mwambani, kitatange mkubwa ana eneo lake, kutoka jabali hili hadi jabali lile la mbali kabisa. Mwenzake akiingia, anamfukuza, na mwenzake anakwenda zake, maana bahari ni pana. Humo sandukuni hapakuwa na pa kwenda. Hata hivyo Kitatange alilinda. Alilinda maji ya kisima! Akiona kitu kinasogea, hata kivuli cha mkia wake mwenyewe, ananguruma kooni: ko, ko, ko.

Tumbili akachoka kutazama samaki mmoja. Akamwagiza Korongo amletee Kipepeo, yule samaki wa manjano mwenye mstari mweusi machoni.

Korongo alikuwa na akili kidogo. Alimweleza kwamba vipepeo huoana, na hutembea wawili, mke na mume. Mmoja akiinama kula matumbawe, mwingine husimama kumlinda. Akishiba, wanabadilishana. Kipepeo asiyelindwa hali.

Tumbili akajibu kwamba wawili hawataenea, aletewe mmoja.

Mmesikia? Alijua kuwa nafasi haitoshi. Alijua, na bado akaongeza mwingine.

Korongo akaruka, vwaa, vwaa, vwaa. Pale mwambani Mwanaidi, mke, alikuwa ameinama anakula. Makame, mumewe, alikuwa amesimama analinda. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Hakutazama juu. Nyaku! Mwanaidi kaondoka.

Chubwi! Mwanaidi yumo sandukuni. Kitatange akamjia mbio, ko, ko, ko, akamng'ata pezi.

"Toka kwangu," akasema.

"Nitoke niende wapi, kaka?" Mwanaidi akauliza.

Kitatange akamng'ata tena.

Ikawa hivyo kila siku. Tumbili akitupa chakula, pumba na unga wa dagaa, Kitatange anakula. Mwanaidi hali. Kinywa chake kilijua matumbawe tu, na wa kumlinda hakuwapo. Akakonda. Akawa mwembamba kama kaukau ya muhogo. Tumbili akawaambia wageni kwamba yule jike anadeka, na yule mkubwa ni katili, hana utu. Wageni wakatikisa vichwa. Wakanywa chai, wakamlaumu Kitatange. Hakuna aliyelilaumu sanduku. Na ninyi mliokaa hapo, nawaona, mmemlaumu Kitatange vilevile.

Siku moja Tumbili akaweka tumbawe sandukuni. Tumbawe jekundu, zuri, lenye matawi. Mwanaidi alipoliona alitetemeka kwa furaha. Akamsogelea Kitatange, na mapezi yake yamechanika.

"Kaka, nakuomba. Nisimamie nile. Nikishakula, nifukuze tena."

Kitatange akaacha kunguruma. Akamtazama. Siku zote alikuwa akitazama mahali Mwanaidi aliposimama, leo akamtazama Mwanaidi mwenyewe. Akaona mifupa. Akaona mapezi aliyoyang'ata. Akaona haya. Basi akageuka, akampa mgongo, akasimama macho wazi kama mume anavyomsimamia mkewe.

Mwanaidi akainama. Akauma. Akauma tena. Akainua kichwa, na mdomo wake una rangi nyekundu. Tumbawe lilikuwa la udongo. Lilifinyangwa, likapakwa rangi, likawekwa pale ili lipendeze.

Mwanaidi akaliacha tumbawe. Alilala ubavu, akafa.

Tumbili akamtoa kwa upawa, akamtupa nyuma ya jiko. Akamwita Korongo, akamwambia, "Yule kafa. Lete mwingine."

Mwingine! Kama mtu aliyevunja kikombe. Hata leo nikilitamka neno hilo damu yangu inachemka.

Korongo akaenda. Hakuhangaika kutafuta. Makame alikuwa palepale, juu ya tumbawe lilelile, amesimama analinda. Samaki wengine walimsihi aondoke. Akawajibu kuwa mkewe hajamaliza kula, ataondokaje? Alipomwona Korongo hakukimbia. Nyaku!

Chubwi! Makame yumo sandukuni. Akamwendea Kitatange kwa adabu.

"Bwana, hujamwona mke wangu?"

Kitatange angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Nimemwona," akasema. "Nilimfukuza, nikamng'ata. Siku niliyomlinda hapakuwa na chakula. Amekufa."

Makame akamrukia. Akamdonoa jicho, akamdonoa tumbo, akamdonoa mkia, do, do, do. Kitatange hakurudisha. Mkubwa kama sinia, mwenzake kama kiganja, naye hakurudisha.

"Nipige, ni haki yako," akasema. "Ukichoka, tazama nje ya kioo."

Makame akatazama. Akamwona Tumbili kwenye kiti chake, anacheka, anawaita wageni waje waone samaki wanavyopigana. Makame akaacha kupiga. Hasira alikuwa nayo bado, lakini aliacha.

Tumbili akaona mchezo umepoa. Akakunja mkono wa kanzu, akatia mkono majini kuwachokoa. Yeye aliyeishi na Kitatange tangu samaki huyo akiwa mtoto hakujua kwamba kitatange ana mwiba shavuni. Kitatange akaja kwa nguvu zake zote. Chomo! Mwiba ukazama kiganjani.

Tumbili akapiga yowe. Mkono ukavimba mpaka kwapani. Hakuweza kushika kikombe, hakuweza kujikuna. Akaviringika juu ya mazulia yake, akamwambia Korongo awarudishe mashetani hao walikotoka. Korongo akawabeba, akawapeleka, akaufungua mfuko juu ya mwamba.

Maji yakawa mengi. Kitatange akasema, "Makame, nisamehe."

Makame akamtazama. Kisha akageuka, akaenda zake peke yake.

Funzo lake nalisema wazi, asije mtu akasingizia hakusikia. Anayekifungia kiumbe mahali pasipokitosha asituambie kwamba anakipenda, anajipenda mwenyewe. Na ninyi mliofungiwa pamoja, msimalizane wenyewe kwa wenyewe huku aliyewafungia ameketi anacheka. Mtazameni yeye.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye sanduku la kioo nyumbani na ainuke sasa hivi, akalitazame.