Bastola ya Ukumbusho na Ubeti wa Tatu

Kule juu Londiani, kwenye baridi na viazi, kulikuwa na mzee mmoja na mkewe. Majina siyataji. Tuwaite Baba Nanii na Mama Nanii, na nyinyi mnaogeuza shingo kuwatafuta humu ndani, acheni, mtateguka bure.

Hawa wawili walipendana kwa nyimbo. Si za kwaya, niseme ukweli. Zile za Marekani, za kofia pana na farasi na mtu aliyeachwa na mpenzi wake. Mwimbaji wao alikuwa mmoja tu, hawakumchanganya na mwingine. Mzee alinunua gitaa kabla hajanunua kitanda, na mama alikubali kuolewa akilijua hilo.

Kila alfajiri mama akikama, mzee alikaa zizini juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapiga gitaa na kuimba. Akifika ubeti wa tatu, anasahau. Miaka arobaini, ubeti uleule. Na mama, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, alimrushia neno la kwanza na wimbo ukaendelea. Hata ng'ombe alizoea. Bila gitaa alibana maziwa.

Basi binti yao aliyeolewa ng'ambo akawaletea zawadi. Yule mwimbaji alipofariki, wenyewe huko walimtengenezea bastola za ukumbusho, mia tano tu, kila moja na namba yake. Msiniangalie hivyo, haikuwa ya kuua mtu. Mtutu ulizibwa kwa chuma, na polisi wa kituo waliikagua wakaandika kwamba ni pambo. Na kweli lilikuwa pambo! Jina la marehemu kwa dhahabu, mpini mweupe uliochorwa gitaa dogo, na sanduku lenye mahameli nyekundu ndani na kioo mbele.

Ukutani palikuwa na mahali pamoja tu pazuri, penye msumari wa gitaa. Sanduku likatundikwa pale. Gitaa likaenda stoo, juu ya magunia ya viazi. Redio nayo ikahamishiwa jikoni, maana sauti yake ilitikisa kioo. Na alfajiri mzee hakuonekana tena zizini. Saa hiyo alikuwa sebuleni, amevaa glavu nyeupe kama bwana harusi, anapangusa dhahabu.

Sasa, Mama Nanii sikio lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia daktari alilichungulia, akamwambia, "Mama, na hili linaaga. Wiki chache tu."

Akarudi nyumbani. Hakulia. Kuna kitu kimoja alichotaka kukisikia kabla mlango haujafungwa, na mwenye nacho alikuwa amekaa kitini, ameshika kitambaa.

"Baba Nanii, kesho njoo zizini na gitaa. Daktari anasema sikio linakwenda."

"Pole sana, mama. Lakini kesho kuna wageni wa Kericho wanakuja kuiona. Tuseme Jumamosi ijayo."

"Kwani hiyo bunduki yako inaimba?"

"Hii si bunduki. Hii ni heshima ya marehemu."

"Basi iambie heshima ije ikamue ng'ombe, mimi vidole vimeniuma."

Mzee akacheka sana. Alimpenda mkewe, msimdhanie vibaya. Jumamosi hiyo wakaja wageni wa Molo. Iliyofuata, alipata kitambaa kipya laini na alitaka kukijaribu. Mama akaacha kuomba. Mzee akaona, afadhali, ameelewa.

Wakati wa mavuno wakaja watu kumi na wawili, wote na kofia pana, sebule ikawa kama duka la kofia. Wakaisifu bastola mpaka sifa zikawaishia. Kisha mkubwa wao akasema, "Mzee, tumheshimu marehemu vizuri. Tuimbie wimbo wake mmoja."

Gitaa likatolewa stoo. Panya alikuwa amezaa ndani. Nyuzi mbili zilikuwa na kutu, lakini nyimbo za namna hii hazijali. Mzee akaanza. Ubeti wa kwanza, wa pili, wageni wanatikisa vichwa. Akafika wa tatu.

Akasahau.

Wala hakuhangaika. Aligeuza tu uso kwa mkewe, kama alivyofanya miaka arobaini. Mama alikuwa amewapa mgongo, anamimina chai.

"Mama Nanii, neno la kwanza."

Chai inamiminwa.

"Mama Nanii!"

Mgeni mmoja akamgusa bega. Mama akageuka na tabasamu lake, akamtazama mdomoni, akasema, "Karibu chai, mwanangu. Sukari iko pale."

Mzee akalaza gitaa chini. Akamwendea, akasema polepole, mdomo wazi, "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kitambaa kipya," mama akajibu. "Usilie mbele ya wageni, utalowanisha glavu."

Kesho yake alfajiri mzee alikwenda zizini na gitaa. Mama akalitazama, akacheka, akasogeza kigoda. Akaweka taya lake juu ya ubao wa gitaa, akafumba macho. Mzee akapiga, mtetemo ukampanda mama mfupani.

"Unakimbia," mama akasema. "Kwani unafukuzwa na nani? Pole pole."

Ng'ombe akaachilia maziwa. Na walipofika ubeti wa tatu, mama, aliyejua kwa taya tu kwamba wamefika, akalitamka lile neno.

Wapendwa, je, sisi? Tuna msalaba wa kioo kabatini, tunaupangusa kila Jumamosi. Tuna picha ya mama mzazi ukutani, fremu imetugharimu, na mama mwenyewe yuko hai kijijini hajapigiwa simu tangu Pasaka. Tunawapamba wale waliotuambia twende tukafanye kama wao. Tumeziba mtutu, tumeweka kioo, tumeita heshima.

Mzee yule alipata taya. Wewe una hakika utaachiwa hata taya? Kila Jumapili wenye masikio wanaambiwa wasikie, na mimi nasema ni haki. Leo nawageukia wenye midomo. Sikio linalokudai wimbo bado lipo, liko nyumbani, linapika chai. Tukitoka hapa, nisimkute mtu akinisifia mahubiri. Nendeni nyumbani mkaimbe.