Kungwi wa Watoto wa Paka

Chungu changu!
— Kifunue!
Kina moto!
— Kipulizie!
Kina kisa!
— Tupakulie!

Basi kaeni vizuri, mguu wa mtu usiwe juu ya mguu wa mwenziwe. Napakua.

Hapo kale, kale ya watu kulala milango wazi, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwamtondoo. Na kijijini humo alikuwepo mjane, jina lake Mwanamvua. Mwanamke mnene, mcheshi, ana roho safi na ulimi mrefu kidogo. Kama mimi, ila mimi mwili ule sina.

Kijiji kizima kilikuwa kikiweka mbegu za mahindi kwake. Zinaning'inizwa darini, juu ya moto wa jikoni, moshi uzifukize zisiliwe na wadudu. Mvua ikinyesha, kila mtu anakwenda kuchukua zake, anapanda. Mbegu zikiliwa, watu hawapandi. Wasipopanda, hawali. Mmenielewa.

Mlinzi wa mbegu zile alikuwa paka jike wa Mwanamvua. Panya walikuwa wakimsikia anapiga mwayo tu, wanahama. Basi paka akazaa watoto watatu: mmoja mweusi, mmoja kijivu, mmoja rangi ya maandazi. Siku ya tano kulipokucha, paka hayupo. Wako waliosema kaliwa na chui. Wako waliosema kamfuata dume la kijiji cha pili, lile la sikio moja. Mimi simo, nilikuwa sijazaliwa. Lakini na dume lile halikuonekana tena.

Wakabaki watoto watatu, macho hayajafunguka, wanalia nyi, nyi, nyi. Na kule darini panya wakaanza, krr, krr, krr. Mwanamvua akatazama chini, akatazama juu. Akajua kwamba watoto hawa wakifa, na mbegu zimekwenda.

Mchana ule ule akasikia hodi.

Akaingia bibi mfupi, kajitanda kanga mpaka puani, mashavu yamemjaa utadhani ana andazi kila upande.

"Naitwa Bi Mashavu," akasema. "Mimi ni kungwi. Wenzangu wanafunda wari, mimi nawafunda wanaolea paka. Nimesikia umeachiwa yatima."

Mwanamvua hakujiuliza kungwi wa paka katokea wapi. Mtu akizidiwa haulizi.

"Somo yangu, niwape nini?"

"Wape uji wa pilipili manga, kama apewavyo mzazi. Ukimaliza, maziwa ya ng'ombe, ya baridi, kikombe kizima, asubuhi mara moja basi. Walaze chali uwamiminie."

Mwanamvua akafanya vile vile. Uji wakautema. Mweusi akapaliwa, maziwa yakamtokea puani. Kijivu akaharisha. Yule rangi ya maandazi akalia mpaka sauti ikakauka. Na darini, krr, krr, krr.

Kesho yake kungwi akarudi kutazama kazi yake.

"Somo," Mwanamvua akasema, "labda mimi nimekosea kushika. Nionyeshe kwa mikono yako." Na kabla kungwi hajajibu, kijivu alishawekwa mapajani pake.

Mtoto yule macho yalikuwa yamefumba, lakini pua ilikuwa wazi. Akanusa. Akanusa tena. Kisha kiumbe kile kisichozidi kiganja kikafanya fyuuu. Bi Mashavu aliruka, akatua juu ya kinu. Kanga ikamteleza kwa nyuma, na mkia ukaning'inia. Mkia mrefu, hauna nywele, ncha yake nyeupe.

Panya buku. Mkubwa wa panya wote wa darini.

Nyie mngefanya nini? Wewe uliyekaa mlangoni, najua ungeshika mwiko. Na Mwanamvua mkono wake ulikwenda kwenye mwiko. Halafu akaurudisha. Akawaza, hapa kijijini ni nani anayejua kinachomkuza paka? Mimi sijui. Wazee hawajui. Anayejua ni huyu, maana maisha yake yote amekosa usingizi kwa ajili ya paka.

Akatazama pembeni, mpaka mwenzie akajifunika vizuri.

"Pole, somo. Mtoto hana adabu huyu. Kaa nikupe kahawa. Umenifundisha ya kufanya, sasa nifundishe miiko. Nisifanye nini?"

Panya buku akatononoka. Hakuna kitu anachokipenda kungwi kama kuulizwa.

"Mwiko wa kwanza, usiwape kitu vuguvugu, kinawapa nguvu. Yaani, kinawapa kiburi. Pili, usiwalishe wamelala kifudifudi, kidogo kidogo, kila mara. Watadeka. Na wakishakula usiwapanguse tumbo kwa kitambaa cha maji ya moto kama mama yao alivyokuwa akiwaramba. Watakojoa vizuri, watalala vizuri, hasara tupu."

Mwanamvua anaitikia, ehe, ehe, na moyoni anaweka.

"Na mwiko mkubwa kuliko yote, somo?"

Bi Mashavu akasogea, akanong'ona. "Usiwapeleke kwa paka mwingine anayenyonyesha. Maziwa ya paka ndiyo hasa. Ndiyo hasa mabaya, nakwambia. Na yule paka wa Sihaba, kazaa juzi, pita mbali naye."

Hapo ndipo Mwanamvua alipokwama. Maana yeye na Sihaba walikuwa na miaka miwili hawasemezani, na kisima wanachota kimoja. Sihaba alikuwa amesema harusini, mbele ya watu, kwamba wali wa Mwanamvua umepikwa kwa ajili ya wasio na meno. Mwanamvua naye akajibu. Alivyojibu sisemi, watoto wapo.

Alikaa akiwatazama watoto. Sauti ya kijivu ilikuwa imebaki kidogo sana. Akawatia kwenye ungo, akajitanda, akatoka.

"Hodi."

"Nani huyo?" Sihaba akauliza, na alikuwa anamwona.

"Mimi."

"Mimi ana jina."

"Mwanamvua. Yule wa wali wa wasio na meno. Nimekuletea watatu wasio na meno, Sihaba, na wali hawautaki. Nakuomba maziwa ya paka wako."

Sihaba alitaka kununa. Akafunua ungo, akashindwa. "Shoga, wamekonda hivi? Leta huku, unasimama nje kama mgeni."

Wakachukua tambara alilolalia paka wa Sihaba, wakawasugua nalo watoto wale mpaka wakanuka harufu moja na wanawe. Paka akawanusa, akawaramba, akawaacha wanyonye. Wake wawili, wageni watatu. Mama yule akapewa supu ya samaki asubuhi, mchana na jioni, maana ana midomo mitano ya kulisha. Na yeyote aliyesukumwa na wenzie, Mwanamvua na Sihaba walimnyonyesha kwa pamba ya maziwa ya mbuzi, vuguvugu, kifudifudi, kidogo kidogo, wakampangusa na tumbo. Na wakati huo wanasengenya miaka miwili yote waliyoipoteza.

Kungwi akija kuuliza, Mwanamvua, na watoto kawaacha kwa Sihaba, anashika tama. "Wamebaki mifupa, somo." Kungwi anaondoka anaruka ruka.

Wiki ya nne Mwanamvua akamwambia, "Wameota meno. Mwiko gani?"

"Samaki!" Panya buku akadakia. "Usiwape samaki aliyechemshwa bila chumvi, akatolewa miiba yote, akapondwa na supu yake mpaka akawa laini. Wape muhogo mkavu."

Siku ile ile samaki akapondwa.

Siku ya arobaini, siku ya watoto kutolewa nje, Mwanamvua akamwalika kungwi wake akae mbele kwa heshima. Panya buku akaja na jamaa wote wa darini, wamejitanda kanga wote, wake kwa waume, wamefuata karamu. Dari ikabaki tupu. Wanawake wa kijiji wakawapisha, wakaumauma midomo wasicheke.

Sihaba, aliyeingia kimya kimya kwa mlango wa uani, akafungua mlango wa chumbani.

Akatoka mweusi, shingo nene. Akatoka kijivu, anatembea kama mwenye nyumba. Akatoka rangi ya maandazi na ndugu wawili wa kunyonya, na nyuma yao mama, kanenepa, anajilamba.

Bi Mashavu akasimama polepole. "Mwanamvua. Umewalisha nini hawa?"

"Mafundisho yako, somo. Sikuacha hata moja. Niliyapindua tu kwanza."

Kijivu akafanya fyuuu. Hapakubaki panya mwenye kanga. Walipita kisimani, wakapita mtoni, wakapita mahali hata jina hapana, na Kwamtondoo wanapiga vigelegele. Mbegu zilizosalia darini zilikuwa nyingi. Mvua iliponyesha kijiji kikapanda, na kikala.

Na tangu siku hiyo panya buku anaishi porini, kwenye shimo. Ukikutana naye, mashavu yamejaa na neno hasemi. Anachelea kuulizwa ushauri.

Kisa kimeshiba, kimelala. Atakaye kukiamsha, akakiamshe kwake.