Punje Zilizobaki Kiwanjani

Wapendwa, leo naona akina mama kadhaa wamekuja na vichanga, basi acheni niwape mfano wa kichanga mmoja aliyepanda ndege kabla hajapanda hata baiskeli. Msiniulize ni kijiji gani. Ni mfano tu. Lakini nikimaliza, atakayesema "hicho ni kijiji chetu," sitabishana naye.

Kulikuwa na rubani mmoja aliyerusha ndege ndogo ya injini moja. Alikuwa akipeleka dawa na kurudisha wagonjwa katika vijiji vya milimani, kule ambako masika ikishika gari halifiki. Alikuwa mtu mzima, mpole, wa maneno machache. Wagonjwa walimpenda kwa sababu hakuwa na papara. Mkanda wa abiria alikuwa akiufunga mwenyewe, akiuvuta mara mbili kuhakikisha, ndipo naye akae kwenye usukani.

Kati ya vijiji vyake vyote kuna kimoja alikipenda zaidi, ingawa kiwanja chake kilikuwa cha kutisha. Kilikuwa cha udongo mgumu, mto upande wa chini, mlima upande wa juu. Ndege ikishavuka mto ikiwa chini, hakuna tena kughairi na kupaa, maana mbele ni mlima. Kwa hiyo rubani alikuwa na desturi yake: kwanza anapita juu ya kiwanja mara moja, anaangalia kama kuna mbuzi au ng'ombe, halafu anazunguka kilima na kurudi kutua. Na kila alipopita ile mara ya kwanza, aliwaona wanakijiji wamejaa kiwanjani, wakiinama na kuinuka, wakikung'uta vitu vipana mikononi. Moyo wake ulikuwa unafurahi. Alikuwa akijiambia, "Watu hawa kwa kunipungia hawajambo." Kipande hicho kiwekeni akiba, tutakirudia.

Siku moja, kama saa nne asubuhi, alikuwa anamrudisha mwanamke kijana wa kijiji hicho. Wiki tatu nyuma alikuwa amembeba hali yake mbaya, uchungu umemshika siku mbili bila mtoto kutoka, na kijijini wengine walikuwa wameshaanza kulia. Sasa anarudi mzima, amekaa pembeni ya rubani, na mtoto wa kike amemfunga kifuani kwa kanga. Mama wa mwanamke huyo alikuwa bado hajamwona mjukuu wake.

"Baba, mama yangu atakuwa amesimama hapo tangu alfajiri," yule mzazi akasema.

"Basi tusimchoshe," rubani akajibu.

"Aliniahidi nikirudi atanipikia uji wa mtama mpya. Hospitali uji ulikuwa maji ya moto yenye rangi."

Rubani akacheka. Wakapita juu ya kiwanja ile mara ya kwanza. Watu walikuwepo kama kawaida, wanainama na kuinuka. "Yule pale mwenye kitenge cha njano," yule mzazi akaonyesha kwa kidole, "ndiye mama." Rubani akatikisa mabawa kidogo kumsalimu bibi, akazunguka kilima taratibu, dakika tano hivi, akarudi. Kiwanja cheupe. Hakuna mbuzi, hakuna mtu. Akapunguza mwendo, akavuka mto.

Akiwa juu ya ardhi kama urefu wa mkaratusi mmoja, akaona udongo unainuka.

Haukuwa udongo. Walikuwa njiwa, rangi yao na ya ardhi ni ileile, mia au mia mbili, wote wameruka kwa pamoja mbele ya pua ya ndege.

Sasa niwaulize, mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mzee Mwakibinga pale ameshakata kona, nimeuona mkono wake. Na si yeye peke yake. Barabarani tunamkwepa kuku, tunaingia mtaroni. Kuku anaendelea na safari, sisi tunaamkia wodini.

Rubani aliogopa. Msije mkadhani watu wapole hawaogopi. Mikono yake ilitaka kuvuta usukani ndege ipae, iende popote ilimradi si pale penye njiwa. Lakini alijua jambo moja. Njiwa anaweza kuvunja kioo, ila mkono wenye papara ndio unaoangusha ndege. Kwa mwendo ule mdogo, akivuta ghafla ndege itaishiwa nguvu na kudondoka. Akikata kona, bawa litalima ardhi. Na akipaa, mlima uko palepale unamngoja.

"Baba, wakwepe," mzazi akasema kwa sauti ndogo.

"Inama, mama. Mfunike mtoto. Mimi natua."

Njiwa wa kwanza akagonga bawa. Wa pili sijui aligonga wapi, walisikia kishindo tu. Wa tatu alikuja kwenye kioo cha mbele upande wa rubani, kioo kikapasuka nyufa kila upande, kikajaa damu na manyoya. Kilishikilia hakikuanguka, lakini mbele hakukuonekana tena kitu. Rubani hakupoteza muda kumlaani njiwa. Aligeuza uso, akatazama nje kwa dirisha la ubavuni, akaona ukingo wa kiwanja, pale nyasi zinapoanza. Akaushikilia ukingo ule kwa macho, mikono imetulia, hakuzidisha wala hakupunguza. Magurudumu yakagusa, yakaruka kidogo, yakagusa tena. Ndege ikapanda mwinuko wa kiwanja, ikachoka yenyewe, ikasimama.

Akazima injini. Kimya. Katika ule ukimya mtoto akapiga chafya.

"Afya, mama," rubani akamwambia yule mtoto, na hapo ndipo mama mtu alipoanza kulia.

Kijiji kizima kikaja mbio. Bibi wa kitenge cha njano alikuwa wa kwanza, akampokea mjukuu kabla hata mlango haujafunguka vizuri. Mwenyekiti wa kijiji naye akafika akihema, akaona kioo, akainua mikono juu. "Shetani leo ameaibika," akasema. "Ametuma njiwa wake na wameshindwa." Watu wakaitikia, wimbo ukaanzishwa, maombi ya kukemea yakafanyika hapohapo, na waliokemewa ni njiwa. Nami sijitoi. Ningekuwepo, pengine ningeongoza mimi.

Rubani naye alisema amina, kwa moyo kabisa. Lakini huyu alikuwa mtu wa kuvuta mkanda mara mbili. Wimbo ukiendelea, yeye akatelemka kwa miguu hadi pale njiwa walipoinukia, akachuchumaa. Katika ule udongo aliona alama za mstatili, moja baada ya nyingine, safu ndefu, namna mkeka unavyoacha alama ukikaa mahali siku nyingi. Na katikati ya alama na alama kulikuwa na punje za mtama, zimemwagika ovyo.

Hapo akaelewa. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa anampungia. Watu walikuwa wanakunja mikeka.

Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyejidanganya kwamba anashangiliwa. Kisha akazoa punje kiganjani, akarudi kwa watu, akakifungua kile kiganja.

"Mtama huu ni wa nani?"

Wimbo ukakatika. Watu wakatazamana. Mwenyekiti akakohoa kidogo. "Rubani, kijiji kizima hakina sakafu ngumu yenye jua kama hapa. Lakini ndege ikipita tu mara ya kwanza, tunaondoa kila kitu. Sema kweli, umewahi kukuta mkeka hapa?"

"Mkeka sijaukuta, Mwenyekiti. Nimekuta njiwa."

Mwishowe yule bibi wa kitenge cha njano akasogea mbele na mjukuu begani.

"Ni wangu, mwanangu," akasema. "Mkeka wa mwisho kule chini ulikuwa wangu. Nilikuwa naukausha kwa ajili ya uji wa huyu." Akamwonyesha binti yake kwa kidevu. "Nilipoisikia ndege nikakunja haraka nije kumpokea. Ukamwagika. Nikasema nitafagia baadaye."

Wazee husema majuto ni mjukuu. Siku ile bibi alivibeba vyote viwili kwa pamoja.

Wapendwa, kaeni hapo kidogo na yule bibi. Alikuwa na ubaya gani? Alimpenda mwanawe. Ule mtama ulikuwa upendo mtupu. Na ni upendo uleule ulioacha chambo njiani, mwanawe apite juu yake na mjukuu kifuani. Halafu tumemsingizia shetani. Shetani ana makosa mengi, sikatai, lakini ule mtama hakuulima yeye.

Sisi ni watu wa kukunja mikeka. Tunangoja mlio. Mchungaji akionekana anakuja kwa mbali, ugomvi ndani unazimwa, viti vinapanguswa, na mke anaitwa "mama watoto" kwa sauti ambayo hajaisikia tangu mwaka jana. Mnacheka. Mimi mchungaji wenu chai za namna hiyo nimezinywa sana, nami najua nilikuja nikiwa nimekunja mikeka ya kwangu. Nyumba ni safi, lakini punje ziko chini. Lile neno ulilomwambia mwenzio kwa hasira asubuhi hujalifagia, umelifunika tu kwa sababu kuna mgeni. Ile habari ya jirani uliyoimwaga kisimani, ulinyamaza alipotokea mwenyewe, ukadhani umeshaondoa. Na siku njiwa watakapoinuka tutakusanyika hapa tuwakemee njiwa.

Najua mtaniuliza mambo yaliishaje. Yaliisha vizuri. Hakuna aliyemgombeza bibi. Rubani alimchukua mtoto begani kwa bibi, akampa mama yake, akaomba ufagio, na bibi akasema hapana, ufagio huo ataanza nao yeye. Walifagia kiwanja kutoka mtoni mpaka chini ya mlima, Mwenyekiti na cheo chake akiwa katikati. Wakakubaliana mtama utakaukia uwanja wa shule, hata kama jua lake si kali hivyo. Uji ulichelewa mpaka saa tisa alasiri, na rubani alikunywa bakuli mbili akingojea mafundi waje na kioo kipya.

Basi nanyi mkirudi nyumbani leo, msiangalie mikeka, mikeka tunaijua kuikunja. Tazameni chini. Na asije mtu akajifariji kwamba punje zake ni chache na njia ile haipiti mtu anayemfahamu. Bibi yule alikuwa na uhakika kabisa nani yumo ndani ya ile ndege, na bado alisema, "Nitafagia baadaye." Mimi na wewe hatujui hata ni nani anayevuka mto sasa hivi. Tufagie kabla hatujasikia mlio.