Aliyeumizwa Asitembezwe

Mwanamke mmoja alikuwa na shamba la tangawizi na mume mwenye mkono mwepesi. Jina lake Nakiete. Aliishi juu mlimani, upande wa Upare, kule ambako nyumba zimeshikilia mteremko na mtu akitaka kwenda kokote lazima kwanza ateremke.

Togolani, mumewe, hakuwa mlevi. Nalisema hili mapema, maana wengi wetu tukisikia mke amepigwa hutafuta chupa ya kubebesha lawama. Alikuwa mkulima hodari, mtu wa salamu ndefu njiani, na kanisani aliketi viti vya mbele. Alimpiga mkewe kwa sababu aliamini ni haki yake, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo.

Siku moja Nakiete alivuka bonde kwenda kumwangalia dada yake mgonjwa, bila kungoja ruhusa. Aliporudi alimkuta Togolani shambani, jembe mkononi. Hakuulizwa kitu. Mpini wa jembe ulimjia kichwani, akainua mkono kujikinga, na mfupa wa mkono ukavunjika.

Akaufunga kwa kanga, akashuka mlima.

Alianzia kwa mtendaji wa kata. Mtendaji alikuwa mtu mpole, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, haya ni ya nyumbani. Ungemwita kwanza mshenga wenu. Ukiona hapana, basi nenda zahanati."

Akaenda zahanati. Tabibu, mwanamke aitwaye Sekela, aliutazama ule mkono na uso wake ukabadilika. Lakini alisema, "Hili ni jeraha la kupigwa. Nikilitibu bila karatasi ya polisi, kesho nitaulizwa mimi. Shuka kituoni, kisha urudi."

Kituo cha polisi kilikuwa chini kabisa, kwenye barabara kubwa. Benchi lilikuwa limejaa watu, mmoja amepotelewa na simu, wengine wana ugomvi wa mbuzi na mahindi. Koplo Ngasa alikuwa nyuma ya kaunta. Alimwuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kelele, "Ulimfanya nini mpaka akakupiga?"

Benchi zima likanyamaza ili lisikie jibu.

Nakiete alikuwa amekusudia kusema yote. Njia nzima alikuwa akiyapanga, ya shambani na ya miaka ya nyuma, mambo ambayo hata dada yake hakuyajua. Alipoona macho yale yote yamemgeukia, akasema, "Amenivunja mkono." Hakuongeza neno.

Akapewa karatasi, akapanda tena zahanati. Sekela akamfunga mkono, akamwelekeza hospitali ya wilaya kupigwa picha. Hospitali wakamwuliza ilikuwaje, akasimulia. Wakamtuma ofisi ya ustawi wa jamii, nako akasimulia. Kisha mwendesha mashtaka. Kila mahali walimpokea kana kwamba ndiyo kwanza anatoka nyumbani, na kila aliposimulia habari ilipungua kidogo. Hapa aliona haya akaruka jambo, pale alichoka akafupisha. Siku mwendesha mashtaka alipoyaweka pamoja maneno yake ya kila ofisi, aliona hayalingani. Akamwambia, "Mama, sema ukweli mmoja." Ukweli ulikuwa mmoja tangu mwanzo, ila Nakiete alikuwa ameuacha vipande vipande njiani.

Kesi ikaitwa, ikaahirishwa. Mara daktari hakufika, mara hakimu alikuwa safarini. Mvua za masika zikaanza na njia ikawa utelezi. Asubuhi moja Nakiete alikaa kitandani, mguu mmoja umevaa kiatu na mwingine haujavaa, akashindwa kuinuka. Siku hiyo kesi iliitwa, mlalamikaji hakuonekana, na kesi ikaondolewa mahakamani.

Togolani alirudi mlimani na salamu zake ndefu. Nakiete alihamia kwa dada yake ng'ambo ya bonde, akalima kipande cha kuazima kwa mkono uliounga vibaya. Watu wakasema amemsamehe mumewe. Hakumsamehe, alichoka. Ndugu zangu, msichanganye mambo hayo mawili.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Ng'ambo ile ya bonde palikuwa na binti aliyeolewa karibuni, Penieli. Asubuhi moja Nakiete alipokwenda chemchemi kuteka maji alimkuta ameketi kwenye mawe, ndoo yake imelala ubavuni, kanga ameizungusha shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Nakiete akamsalimu. Penieli akafungua kinywa kuitikia na sauti haikutoka. Nakiete akaishusha ile kanga kidogo tu. Shingo ilikuwa na alama za vidole.

Hakumwuliza kitu. Aliacha maji yake pale pale, akamshika kiuno, wakaenda polepole mpaka zahanati, wakaketi kwenye benchi la barazani. Sekela alitoka, akaona shingo ile, akasema lile alilozoea kusema, "Dada, mpeleke kwanza polisi, kisha..."

"Huyu hashuki," Nakiete alisema.

"Bila karatasi mimi..."

"Najua. Nilipita njia hiyo. Mwanzo nilikuwa na maneno mengi, nikafika mwisho sina. Huyu hata sauti hana, atawaachia nini huko? Mtibu hapa, na hao wengine waite waje."

"Polisi hawaji zahanati kuandika maelezo, dada yangu. Haijawahi kutokea."

"Basi itatokea leo."

Sekela alisimama mlangoni kwa muda. Alijua ataulizwa. Nadhani hapo ndipo kila kitu kiligeuka, ndugu zangu, pale mtu mmoja mwenye kazi yake na mkubwa wake alipoamua kwamba, basi, aulizwe. Aliwaomba akina mama waliokuwa chumba cha chanjo wasogee barazani na watoto wao, akamwingiza Penieli, akafunga mlango, akamtibu. Kisha akampigia simu Koplo Ngasa.

"Mlete kituoni," alisema koplo.

"Hawezi, afande."

"Basi akipata nafuu."

Nakiete akanyoosha mkono wake uliopinda, akaiomba simu. Aliongea taratibu, bila hasira.

"Afande, mimi ni Nakiete, yule wa kesi ya mkono. Safari ile nilikuja mimi. Safari hii njoo wewe."

Upande wa pili kiti kikaburutwa sakafuni. Kisha wakasikia pikipiki ikiwashwa.

Koplo Ngasa alifika na matope mpaka magotini, na hakufika na moyo mzuri. Aliingia chumbani akiwa bado na ukali wa njiani. Akamtazama Penieli. Miaka yote ya kazi yake aliwatazama watu kama hawa juu ya kaunta, watu wengine wakisubiri nyuma yao. Hakuwahi kuketi na mmoja wao ndani ya chumba kilichofungwa mlango, karibu kiasi cha kusikia anavyovuta pumzi kwa taabu. Akavua kofia. Akaanza, "Ulimfanya nini mpa..." Akaacha katikati. Akatoka nje, akasimama kwenye majani, na Sekela akamsikia akipiga simu kituoni amwite askari wa kike, kisha ofisi ya ustawi wa jamii. Mtu wa ustawi alisema njia ni mbaya. Koplo akamjibu, "Mimi nimepita."

Walikuja. Wakaketi wote chumba kimoja, tabibu, askari yule wa kike na mtu wa ustawi wa jamii. Koplo alibaki nje akilinda mlango. Nakiete alikaa karibu na kitanda, mkono wa Penieli mkononi mwake. Penieli alisimulia kwa sauti ya kunong'ona, mara moja tu, na wote wakasikia habari ile ile. Alipolia walingoja. Alipotaka maji alipewa. Alipomaliza, hakuna aliyemwambia aende ofisi nyingine. Mtu wa ustawi alisema, "Leo utalala wapi salama? Tuanzie hapo." Na hilo likapangwa kabla hawajainuka.

Jua halijazama, mumewe alikuwa mikononi mwa polisi. Kesi ilipofika mahakamani, aliyosema tabibu na aliyosema askari yalikuwa jambo moja, na Penieli hakuonekana mwongo kwa sababu hakuna aliyekuwa amemchosha. Mtu yule alitiwa hatiani, akafungwa.

Habari ikapanda na kushuka mlima. Sekela aliitwa na wakubwa zake, akaulizwa kama alivyojua ataulizwa, akajibu. Kwanza walimkaripia, kisha wakaja wenyewe kuona. Wakati huo wanakijiji walikuwa wamekwisha kuanza kubeba tofali. Walijenga chumba kidogo nyuma ya zahanati, mlango wake umeelekea mashambani ili aketiye barazani asijue nani ameingia. Ndani waliweka kitanda, viti, na mtungi wa maji. Ikawa mtu akiletwa pale, wenye ofisi hupigiwa simu nao hupanda. Hawakupanda kwa furaha kila mara. Mtendaji wa kata alilalamika kwamba mlima ule umemmalizia viatu. Lakini alipanda, na safari ya tatu au ya nne akaacha kumtaja mshenga.

Wanawake wakaanza kuja. Walikuja ambao hakuna aliyewadhania, wake wa watu wanaoheshimika, na bibi mmoja aliyesema hataki kesi, anataka tu kulisema jambo lake kwa mtu kabla hajafa. Naye alisikilizwa.

Ndipo siku moja Koplo Ngasa akamfuata Nakiete kwenye kile kipande cha kuazima. Akamsalimu, akasimama pembeni ya tuta kama mtu asiyejua aweke wapi mikono yake.

"Mama," alisema, "ile kesi yako iliondolewa tu, haikuamuliwa. Inaweza kufunguliwa upya. Siyo lazima. Nimeona nije nikwambie."

Nakiete aliendelea kulima. Alilima mpaka mwisho wa tuta, akarudi.

"Nisimulie tena?"

"Mara moja. Chumba kile kile. Na safari hii yote, kama unataka. Tuna muda."

Alisimulia yote. Yale ya shambani, na yale ya miaka ya nyuma. Ilichukua mchana mzima, na askari wa kike aliyeandika aliomba kupumzika kabla yake.

Kisha polisi wakafanya jambo ambalo safari ya kwanza halikufanyika. Wakapanda mpaka shambani kwa Togolani. Na kwa kuwa walipanda, walimkuta mzee mmoja, jirani, ambaye shamba lake liko juu ya lile. Wakamwuliza kama siku ile aliona kitu.

"Niliona," alisema mzee. "Nilikuwa napalilia pale. Niliona mpini na niliona mkono."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja mtu aje kuniuliza. Hakuna aliyekuja."

Togolani alisimama mahakamani katika koti lake la Jumapili, akasema, "Lakini huyu ni mke wangu." Hakimu akamjibu kwamba hilo mahakama inalifahamu, ndiyo sababu wako pale. Alitiwa hatiani. Alipopelekwa nje hakumsalimu mtu.

Mtanitaka niseme Nakiete alifurahi. Sijui kama furaha ndilo neno. Mkono wake umebaki umepinda, na miaka ile hairudishwi na hakimu yeyote. Penieli, aliyekwenda naye, anasimulia kwamba walipotoka waliingia mgahawani karibu na mahakama, Nakiete akaagiza chai na chapati, akala akamaliza, akaagiza nyingine. Akasema alikuwa amesahau kwamba chakula kina ladha. Kisha wakazungumza habari za mbegu za msimu ujao, na Penieli akacheka kwa sauti yake kamili.

Sasa nanyi mnaokaa hapa, wengine wenu mna ofisi, wengine mna funguo za vyumba, wengine mna mashamba yanayotazamana na mashamba ya watu. Sheria ya mlima ule haikubadilishwa hata neno moja. Tabibu ni yule yule, koplo ni yule yule, hata yule mzee mwenye macho alikuwapo tangu siku ya kwanza. Haki ilikuwa imekaa tu, kila kipande mahali pake, ikingoja mtu aliyevunjika aje aikusanye kwa miguu yake.

Basi niwaulize, na kila mtu ajibu moyoni mwake: kesho aliyeumizwa akiketi chini na kusema hawezi tena kwenda, ni nani kati yenu atakayeinuka?