Msala wa Somoe

Hapo zamani, wala si ile zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na mtu mwenye wake wawili na mtoto mmoja. Mtu huyo ni mimi, Mfaume. Mtoto aliitwa Somoe. Nitasema polepole. Nisikilizeni vizuri, maana nikimaliza nitawauliza.

Somoe alizaliwa na mke wangu mdogo, Zuhura. Mke mkubwa, Sharifa, Mungu hakumjalia mtoto, basi Somoe alikuwa akila kwa huyu na kulala kwa yule. Alipotimiza miaka tisa alipata saratani ya damu. Mji mzima ulitushika mkono. Msikiti ulichanga, soko lilichanga. Alitibiwa mwaka mzima katika hospitali kuu ya jijini, nywele zikaota upya.

Daktari akaniambia, "Mzee, damu yake sasa ni safi. Lakini mleteni kila mwezi tumtazame, ugonjwa huu huweza kurudi."

Mimi nilisikia neno moja tu, safi. Nilirudi nyumbani nikachinja mbuzi wawili, nikasomesha maulidi ya shukrani, watu wakala pilau. Nikasimama mbele yao nikasema, "Alhamdulillahi, mwanangu amepona. Mmemaliza kazi yenu." Kosa langu ndilo hilo.

Baada ya miezi minane Somoe akaanza kutoka damu puani. Ugonjwa umerudi.

Tumwombe nani sasa? Nilifika mlangoni kwa jirani, nikageuka. Zuhura alifika sokoni, akageuka. Watu wameshakula pilau ya kumaliza, utawaambia nini? Aibu ikatufunga mdomo, na mtoto anazidi kupauka.

Akaja Chande, kaka yake Zuhura, fundi wa kushona. Aliuza cherehani yake, akaziweka fedha mbele yangu. "Chukua, shemeji. Cherehani yenyewe ilikuwa inanipigia kelele tu." Tangu siku hiyo anashona kwa cherehani ya mtu, kwa ujira wa kutwa. Fedha zile zilinunua dawa.

Akaja Bi Kuruthumu, jirani yetu, mjane. Alikuwa amengoja zamu yake ya mchezo wa kupeana fedha miezi kumi na minne ili anunue mabati. Siku alipopokea, alipita moja kwa moja kwetu. "Nimelala na mvua miaka yote, mwanangu. Haitaniua mwaka huu." Fedha zile zilimpangia Zuhura chumba karibu na hospitali. Masika yakaja, ukuta wa Bi Kuruthumu ukaanguka.

Na Sharifa? Sharifa hakuwa na kitu cha kuuza. Alijifunga kanga akaenda kugonga milango, ile ile tuliyoshindwa kuigonga. Sokoni mwanamke mmoja akamwambia mbele za watu, "We Sharifa, mtoto si wako, pilau tumekula, sasa mwachangisha ya nini? Ya mbuzi wa tatu?"

Wakacheka. Sharifa akasema, "Cheka, dada. Ukimaliza kucheka nipe elfu moja."

Akapewa. Miezi minne alizunguka hivyo, na nauli na chakula cha hospitali vilitoka mikononi mwake. Mpaka leo sokoni wanamwita Mbuzi wa Tatu.

Somoe alipolazwa aliomba ukindu, majani ya kusukia. Sharifa alikuwa amemfundisha kusuka. Basi kitandani alisuka ukili, utepe wa kushonea mikeka, na dripu mkononi, akipumzika na kuanza tena. Zuhura aliushona ule ukili, ukatoka msala mmoja mdogo wa kuswalia.

Siku ya Jumatano aliniita. "Baba, msala huu umpe yule aliyenirudisha hospitali."

"Ni nani huyo, mwanangu?"

Akacheka kidogo. "Baba naye! Kwani humjui?"

Alikuwa amechoka. Nilitaka apumzike. Nikamwambia, "Namjua."

Ijumaa Mwenyezi Mungu akamchukua.

Siku ya arobaini, khitma ilipokwisha, niliutandaza msala nikawaambia wale watatu maneno yake. Nilidhani kila mmoja atamwachia mwenzake. Haikuwa hivyo. Mkono wa mtoto ulikuwa umepita pale, nani angeuacha?

Chande akasema, "Bila dawa angerudi kufanya nini hospitali? Nimetoa mkono wangu wa kulia. Tena mimi ni damu yake."

Bi Kuruthumu akasema, "Wewe ulimtolea mpwa wako, baba. Mimi si ndugu, si shangazi. Nani alinilazimisha? Na bila mama yake karibu, mtoto yule angekaa hospitali siku ngapi?"

Sharifa aliupapasa msala. Kisha akasema, "Cherehani hununuliwa. Ukuta hujengwa. Mimi nilichokitoa sokoni hakiuzwi popote. Na mmesahau kwamba sisi wengine hatukujaliwa kuzaa. Sina kitu kingine chake."

Zuhura akajifunika uso kwa kanga.

Nilikwenda kwa imamu. Akaniambia, "Wasia wa mtoto mdogo haukufungi. Lakini wewe ulimwambia unamjua." Nikamuuliza kama naweza kuugawa. Akasema, "Mfaume, ukili ukikatwa unafumuka. Wote watatu watabaki na majani."

Ramadhani sita zimepita. Msala umekunjwa juu ya kabati. Kila Idi wanakuja wote watatu kunipa mkono, kila mmoja anatupa jicho juu ya kabati. Nami nimezeeka. Nikiswali huomba nikutanishwe na mwanangu, kisha naogopa, kwa sababu najua atakachoniuliza.

Basi nanyi mlionisikiliza, niambieni kabla mwezi wa Ramadhani ya saba haujaandama: Somoe alikuwa akimsema nani?