Chipu za Bwana Fisi na Chupa ya Bi Kindi

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa na redio na sisi watu hatuna hata kibiriti, paliondokea mafundi wawili wa redio katika soko moja.

Wa kwanza alikuwa Bwana Fisi. Duka lake lilikuwa na vioo, taa na kiti cha kuzunguka. Wa pili alikuwa Bi Kindi, mdogo kama ngumi yangu hii. Yeye alikuwa na meza tu, tena mguu mmoja wa meza hiyo umefungwa kamba.

Basi wateja walikwenda wapi? Walipita mlangoni kwa Bwana Fisi, "Umeamkaje, Bwana Fisi!" halafu hao, moja kwa moja kwa Kindi!

Lo, wivu ule! Bwana Fisi alizunguka kitini, krii, krii, akiwatazama wateja wa mwenzake. Chakula hakikupita. Hata mfupa, fikirini, mfupa! Ulimkaa mdomoni kama gome la mti. Mimi wivu naujua, uliwahi kunikamata jirani yangu aliponunua baiskeli, kwa hiyo nawaambia ni ugonjwa.

"Kana nini hako?" alinung'unika. "Mkia mtupu!"

Sasa, Kindi alikuwa na desturi yake. Akitoa redioni chipu iliyokufa, kile kidude cheusi chenye vimiguu, aliikwaruza mgongoni kwa sindano, kwaru, kwaru, alama ya kosa kama ile ya mwalimu daftarini. Kisha humpa mwenye redio. "Chukua maiti yako, usije ukauziwa tena." Halafu hufuta bodi kwa pamba na spiriti mpaka ing'ae. Bwana Fisi hakuwahi kufuta bodi hata siku moja. Aliona ni kupoteza muda.

Wateja wakifika njiani huzitupa zile chipu jalalani. Na jalalani mnajua ni kwa nani! Bwana Fisi alizizoa zote, akazipaka rangi nyeusi kufunika alama, akaziandika majina mapya kwa wino mweupe, akazipanga kabatini.

"Mpya kabisa! Za kiwandani!"

Siku moja mashine ya Mama Kanga ya kutotolesha mayai iliacha kupasha joto. Ndani mlikuwa na mayai arobaini, ya kwake na ya dada yake aliyechukuliwa na mwewe. Akaikimbiza kwa Kindi, lakini Bwana Fisi akamdaka njiani.

"Mama Kanga, chipu nunua kwangu! Yeye akufungie tu."

Kindi aliitazama chipu ile akaitilia shaka. Lakini mteja akija na kifaa chake, utamwambiaje? Akaifunga. Mashine ikawaka, ikapiga kelele kidogo, kisha pu! Ikazima.

Bwana Fisi hakungoja. Mbio kwa Mwenyekiti wa soko, Nyati! "Mzee, Kindi anaua watoto wa watu! Afukuzwe sokoni!"

Soko zima likajaa mezani pa Kindi. Mama Kanga alikuwa ameyalalia mayai, mabawa yametanda, na bado mengine yako nje. "Yanapoa! Jamani, yanapoa!"

Nyati akatoa pumzi, fuuu! "Kindi, funga meza yako uondoke."

Kindi akawaza. Aseme chipu ni bandia? Nani atamwamini mwenye meza ya kamba mbele ya mwenye vioo?

"Sawa, Mzee," akasema. "Niruhusu tu nizipake chipu zangu mafuta ya urembo, nisafiri nazo zikiwa safi."

Akatoa chupa ya marashi, akalowesha pamba, akafuta chipu yake, chwi, chwi. Ikang'aa!

"Aaah!" wakasema wote.

"Wateja wangu hunipendea hii," Kindi akasema, akiificha chupa mkiani. "Wala simpi mtu."

"Hata zangu zinang'aa!" Fisi akafoka.

"Ah, kaka yangu. Za kwako haziwezi kung'aa kama hii."

Weee! Wivu ukampanda Fisi mpaka masikioni. Akaipokonya chupa, akakimbia dukani, akarudi na kisanduku kizima. Akafuta ya kwanza, chwi, chwi! Pamba ikawa nyeusi tii.

"Vumbi hilo!" akasema, akazidi kusugua. Jina jipya likatoka. Rangi ikatoka. Pakatokea alama ya kosa.

"Hee!" akasema Mzee Kobe. "Hiyo si maiti ya redio yangu?"

Fisi hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye chipu ya Kindi inayometa. "Hii itang'aa! Ngojeni! Hii hapa!" Ya pili, kosa. Ya tatu, kosa. Ya tano, kosa.

"Fisi," Nyati akasema polepole, "acha kufuta."

Ndipo Fisi akatazama mezani. Mkia ukashuka wenyewe.

Mmeshajua ndani ya chupa mlikuwa na nini? Spiriti ile ile ya kufutia bodi! Angewahi kufuta bodi moja tu maishani, angejua kwamba huondoa rangi.

Kindi hakungoja kushangiliwa. Akachomoa chipu ya mashine, akaifuta mbele ya wote. Kosa! Akafunga ya kwake. Tii! Taa ikawaka, joto likarudi, na Mama Kanga akayarudisha mayai moja moja akilia.

Yalianguliwa thelathini na saba, pii, pii, pii! Matatu yalikuwa yameshapoa. Mama Kanga aliyabeba mpaka dukani kwa Fisi, akayaweka juu ya kile kiti cha kuzunguka, akaondoka. Fisi hakukikalia tena kiti kile, wala duka halikufunguliwa tena.

Basi, wanangu, mwenye kijicho hahitaji wa kumuumbua, hujiumbua kwa mkono wake.