Wimbo wa Nakala Saba

Sogeeni, niwape kesi iliyonishinda.

Mjini Tanga waliishi ndugu wanne wa tumbo moja. Hemedi, mnadi wa mitumba, hakuwa mtu wa kutafuta kitu akakikosa. Kitwana, fundi redio, mtu wa maneno mawili kwa siku, hakushindwa na mashine. Zamda, mwalimu, alijifundisha Kijapani kwa nyimbo na kamusi, mpaka shangazi zake wakahisi amerogwa. Mdogo wao Saumu, mwimbaji wa harusini, aliamka siku moja hana sauti. Hospitali hawakuona ugonjwa.

Wakasikia kwamba Ayame Kurosato, mwimbaji wa Japani, alitoa santuri ya wimbo mmoja, nakala saba tu, na kwamba bubu akiufuatisha wimbo huo, sauti humrudia.

Hemedi aliandikia watu miezi minne, akaipata nakala ya saba kwa mjane mmoja. Mjane hakutaka malipo. Alitaka tu itoke nyumbani kwake.

Kitwana aliifufua gramafoni ya marehemu babu yao, iliyokaa kimya miaka thelathini.

Zamda aliyaandika maneno kwa herufi zetu, silabi kwa silabi, ili Saumu ayafuate. Kwa pupa aliuchana ukanda wa karatasi uliozunguka jalada, akautupa, akidhani ni tangazo la duka.

Santuri ikapigwa, Saumu akafuatisha kwa midomo. Kwenye kiitikio sauti ikatoka, nzima! Wote wakalia kwa furaha, na Saumu akaenda chumba cha pili akiendelea kuimba. Zamda alikuwa akizoa makaratasi alipouona ule ukanda. Akausoma mara mbili.

"Kimeandikwa nini, dada?" Hemedi akauliza.

Angeweza kudanganya. Akawasomea: "Sauti hairudi bure. Mmoja wa walionileta anipe yake kabla jua halijazama. Asipotajwa, namchukua niliyemponya."

"Kitwana, wewe huongei hata hivyo," Hemedi akasema. "Mimi nisiponadi, wanangu watakula nini?"

"Kesho naoa," Kitwana akajibu. "Nani atanisemea 'nimekubali'? Atoe aliyetupa onyo."

"Na wanafunzi wangu niwafundishe kwa vidole?" Zamda akasema, ingawa alijua ndiye aliyeutupa ukanda.

Chumba cha pili Saumu aliimba, hajui lolote. Gramafoni ilikuwa imezimwa, na bado santuri ikaanza kuzunguka. Ukutani mwanga wa jua ulibaki upana wa kiganja. Ndugu wawili wakamgeukia Zamda: "Wewe ndiye unayejua lugha yake. Taja."

Hemedi asingeitafuta santuri, isingefika. Kitwana asingetengeneza gramafoni, isingelia. Zamda asingeandika, Saumu asingeimba. Haya, msinitazame mimi. Ungekuwa wewe ndiye Zamda, ungetaja jina la nani?